Gambuti, raba au suruali ya kifuani? Kuchagua mto, vazi na saa ya kuingia majini kuvua

Mara ya kwanza kushuka mto Ragati kuvua trauti, nilivaa gambuti mpya nilizonunua Karatina asubuhi ileile. Mzee aliyekuwa akituongoza alizitazama kwa muda, kisha akasema, "Kijana wangu, hivyo si viatu. Umevaa ndoo mbili." Nilicheka kwa adabu. Saa moja baadaye nilikanyaga jiwe lenye ukoga katikati ya mkondo, nikazama hadi juu ya goti, maji yakamiminika ndani ya gambuti, na nilipotaka kuhamisha mguu wa kulia ukawa kama umefungwa kwenye kisiki. Mzee alinyoosha fimbo yake, nikaishika, akanivuta hadi kwenye changarawe bila kusema neno.

Tangu siku ile nimeingia mitoni kwa raba za mitumba na kaptula, kwa suruali nzito ya plastiki kama zile za wafugaji wa samaki, na kwa suruali nyepesi ya kifuani, ile isiyopitisha maji inayokufunika kuanzia miguuni hadi kifuani, niliyoazimwa na rafiki. Watu wanaotaka kuanza huniuliza wanunue ipi. Mimi nami huwauliza kwanza wanakwenda mto gani, maana hapo ndipo penye uamuzi mkubwa, na hauuzwi dukani.

Mto wa juu au mto wa chini

Chukua mto mmoja tu, Thiba wa Kirinyaga. Juu, ndani ya msitu wa Mlima Kenya, maji yake ni baridi ya kuuma mifupa, yanaonyesha mawe ya chini, na trauti wamo. Teremka nao hadi Mwea utayakuta maji yaleyale yamegawanywa kwenye mifereji ya mpunga, yamepata joto, yamepunguza mbio, na konokono wanaobeba kichocho wamepata makao. Ni mto mmoja, na hatari zake ni za aina mbili zisizofanana hata kidogo. Anayevaa kwa ajili ya huku akaenda kule amevaa bure.

Trauti si samaki wa kwetu kwa asili. Aliyewaleta ni Ewart Grogan, mlowezi Mwingereza, mwaka 1905, kutoka Loch Leven ya Scotland, akawatia kwenye mto Gura huko Nyandarua. Wale wa rangi ya upinde wa mvua walifuata kutoka Afrika Kusini mwaka 1910, na tangu 1948 serikali imekuwa na kituo cha kuwazalisha Kiganjo, karibu na Nyeri. Ninayataja haya kwa sababu samaki huyu ndiye anayekuchagulia hatari. Hawezi maji ya vuguvugu. Yakipita nyuzi 20 hivi za selsiasi anaanza kutaabika. Anataka maji baridi, yanayokimbia, yenye hewa nyingi. Kwa hiyo ukisema unakwenda kuvua trauti umeshasema unakwenda kusimama kwenye baridi, kwenye kasi na kwenye mawe yanayoteleza. Gura wenyewe, watu wa Nyeri hupenda kusema, ndio mto wenye mbio kuliko yote Afrika. Sijamwona aliyeipima mito yote ya bara hili, lakini nikiwa nimesimama ndani yake sijawahi kuwa na hamu ya kubishana.

Mto wa chini una mambo mengine. Tana ukishapita milima na mabwawa, au Athi ukishaitwa Galana ndani ya Tsavo, maji ni ya kahawia, huoni hata vidole vyako vya miguu, na mamba na viboko wapo. Mamba hungoja akiwa amezama, na mtu aliyesimama maji yakiwa kiunoni amejileta mwenyewe hadi mezani. Kiboko hutoka usiku kula majani na hurudi majini alfajiri. Ukiwa baina yake na maji anakuona umemzibia njia ya nyumbani. Hakuna vazi la kulinganisha hapo. Kwenye mito hiyo vulia ukingoni, mbali kidogo na maji, mahali wenyeji wanapovulia, au usivue. Tanzania mstari ni uleule: vijito vya baridi vya milima ya Mbeya ni jambo moja, Ruaha na Rufiji ni jambo jingine kabisa.

Katikati kuna mito ya uvuguvugu isiyo na mamba, na watu wengi huiona salama kwa sababu haitishi. Hapo ndipo kichocho kinapowapata. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono, huogelea na kupenya ngozi ndani ya dakika chache, na hutoka kwa wingi jua likiwa kali, kuanzia asubuhi iliyokomaa hadi alasiri. Kujifuta haraka kwa taulo si kinga ya kutegemea. Dawa ipo, praziquantel, na ukishawahi kulowa kwenye maji ya namna hiyo mweleze daktari wazi hata kama hujisikii mgonjwa, kwa kuwa dalili zinaweza kuchelewa wiki kadhaa. Na hapa, nikiri, gambuti zinapata heshima yake: kwenye mfereji wa maji ya kifundo cha mguu yanayotembea polepole, mpira usiopitisha maji ni bora kuliko raba ya gharama yoyote.

Ukingoni au majini

Hili wengi hulipita mbio. Mito yetu mingi ya trauti ina upana wa hatua chache tu. Samaki hukaa chini ya ukingo, nyuma ya jiwe, kwenye kivuli cha mti ulioinama, na ukiingia kwa kishindo umemfukuza kabla hujatupa mshipi. Kwa hiyo mimi huanza nchi kavu, nikiwa nimechutama. Mara nyingi samaki wa kwanza hupatikana kabla ya miguu kulowa.

Sababu ya kweli ya kuingia majini ni msitu. Kwenye mito ya Nyandarua mianzi na vichaka hufika hadi mlangoni pa maji, na ukitaka kuzungusha mshipi wa nzi bandia, yaani chambo kinachoiga mdudu, nyuma yako unanasa tawi kila mara. Ndani ya mto ndimo pekee penye uwazi. Ukifika mahali kama hapo, basi, ingia. Lakini kama ukingo uko wazi na unaingia kwa sababu picha za wavuvi wa Ulaya zinawaonyesha wakiwa na maji kifuani, baki ulipo.

Mavazi matatu

Gambuti nimeshazisema. Zinafaa kwa maji yasiyofika nusu ya muundi na kwa njia ya matope ya kwenda mtoni. Ubaya wake ni mdomo ulio wazi. Maji yakiingia hayatoki mpaka ukae chini uvue, na soli yake ya mpira laini huteleza juu ya jiwe lenye ukoga kama sabuni. Tena gambuti nyingi humkaa mtu kwa ulegevu, na kiatu kisichoshika kisigino hukunyima habari: hujui umekanyaga nini hadi umeanguka.

Raba na kaptula ni chaguo la maskini, na kwa mito midogo ya mlimani ndilo chaguo langu. Raba ya kitambaa, au kiatu cha kupandia mlima kilichochakaa, chenye kamba za kukaza na kinachofunika vidole, huingiza maji na kuyatoa papo hapo. Hakuna kinachojaa. Unajua jiwe limekaaje chini ya unyayo. Ukianguka, umelowa tu. Na kuna faida moja ambayo hakuna kiwanda kinachoiuza: miguu mitupu inasikia baridi, na baridi inakukataza kwenda ndani zaidi. Ukifika juu ya goti mwili wenyewe unakwambia inatosha.

Hasara zake ni za kweli pia. Dakika 20 au 30 kwenye maji ya mlimani na vidole vya miguu havipo tena, na mguu uliokufa ganzi ni mguu unaojikwaa. Inabidi utoke, utembee, upate jua, ndipo urudi. Halafu kuna thabai. Kama hujakulia huku, huo ni mmea wa kuwasha unaopenda sana kingo za mito yetu, na kaptula ni mwaliko. Ninavaa suruali nyepesi ya kubana, ile ya michezo, chini ya kaptula. Hukauka upesi na thabai haipenyi kirahisi. Suruali ya jinzi usiijaribu. Ikilowa ni nzito, ni baridi, na inavutwa na maji.

Sendeli za wazi na malapa yaache nyumbani. Akala hushika jiwe vizuri kuliko watu wanavyodhani, lakini kidole kikigonga jiwe ndani ya maji baridi utakumbuka jina la kila jirani. Nimemwona kijana mmoja akija na njumu za mpira wa miguu, akidhani meno yatashika. Meno ya plastiki ngumu hushika nyasi. Juu ya jiwe laini alitembea kama ndama wa siku moja.

Suruali ya kifuani ndilo vazi linalotajwa sana, na si moja. Ile ya plastiki nzito yenye buti zilizounganishwa, ambayo wafugaji wa samaki huvalia mabwawani, ni ya bei nafuu kuliko zote, haiingizi maji, na ni jehanamu kuipandia mlima: unalowa jasho ndani kabla hujafika mtoni. Ile nene ya mpira wa povu, kama nguo ya wapiga mbizi, ina joto na hata inaelea kidogo, lakini imetengenezwa kwa nchi zenye barafu. Ile nyepesi inayopumua, inayovaliwa pamoja na viatu vyake pembeni, ndiyo bora kwa mtu anayetembea kilomita kadhaa na kuvua siku nzima. Ni ghali, na mwiba mmoja unaitoboa.

Zote tatu zina jambo moja la kuogopwa na jambo moja linaloogopwa bure. Linaloogopwa bure ni hadithi kwamba suruali ikijaa maji inakuzamisha kama jiwe. Maji ndani ya maji hayana uzito wa kukuvuta chini. Lee Wulff, mvuvi mashuhuri wa Marekani, alichoshwa na hadithi hiyo akajirusha kutoka darajani akiwa ameivaa, na akatoka mzima. Hatari yenyewe huja baadaye: suruali iliyojaa hukamatwa na mkondo kama tanga, huwezi kupiga miguu, na ukifika ukingoni huwezi kujiinua, kwa maana nje ya maji uzito wote unarudi. Dawa yake ni mkanda. Suruali ya kifuani bila mkanda uliokazwa vizuri kiunoni usiiingize mtoni hata kwa dakika tano. Mkanda huzuia maji kushuka miguuni na hubakiza hewa kidogo ndani. Ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote katika vazi lote, na ndicho watu wanachosahau nyumbani.

La kuogopwa kweli ni kwamba suruali hiyo inakudanganya. Umekauka, una joto, unasonga mbele. Maji yanapanda hadi paja, hadi kiuno, na hujahisi chochote.

| Vazi | Linapofaa | Linapokusaliti |
|---|---|---|
| Gambuti | Mfereji, maji ya kifundo, matope | Mkondo wowote unaofika goti |
| Raba na suruali ya kubana | Mito midogo ya mlimani, vipindi vifupi | Baridi ya muda mrefu. Maji yenye kichocho |
| Suruali ya kifuani na mkanda | Siku nzima kwenye baridi, mto mpana | Ukijiamini kuliko kina. Joto la njiani |

Soli na fimbo

Kwa anayenunua viatu vya kuvulia vyenyewe, ubishi mkubwa ni soli. Ya sufu iliyoshindiliwa hushika vizuri sana jiwe lenye ukoga, ila kwenye matope na nyasi zilizolowa unateleza, na inachukua muda mrefu kukauka. Ndiyo maana inabeba wadudu na mimea midogo kutoka mto mmoja hadi mwingine. New Zealand waliipiga marufuku mwaka 2008 kwa hofu ya kusambaza mwani. Soli ya mpira yenye misumari mifupi ya chuma ni ya katikati: njiani inashika, mtoni inashika kiasi, inakauka haraka. Kwa sisi tunaoshuka makorongo ya udongo mwekundu kabla ya kufika majini, mimi naona mpira wenye misumari. Na soli iwe ya aina gani, suuza viatu na uvianike kabla ya kuhamia mto mwingine.

Fimbo sina haja ya kuilinganisha sana. Kuna wanaotumia ile ya chuma inayokunjwa, ya wapanda milima, na kuna wanaotumia mwanzi mkavu wa nyumbani unaofika kifuani. Ya kukunjwa ni rahisi kubeba lakini viungo vyake hulegea vikijaa mchanga, na hulegea wakati unaoihitaji. Mwanzi hauna kiungo cha kulegea, na ukidondoka unaelea. Ifunge kwa kamba mkandani ili uiachie unapotupa mshipi, kamba iwe fupi isikunase. Itangulize upande maji yanakotoka, iguse chini, iegemee, ndipo usogeze mguu mmoja. Kati ya fimbo na miguu yako miwili, kila wakati viwili vimesimama na kimoja kinasonga. Usipishanishe miguu, iburute. Kaa ubavu kwa mkondo, kwa sababu ukiupa kifua chote umeupa mlango wa kusukuma.

Na hesabu moja ya kukaa nayo: kasi ya maji ikiwa maradufu, nguvu yake ya kukusukuma inakuwa mara nne. Ndiyo sababu kina cha goti kwenye Gura kinaweza kukuangusha wakati kina cha kiuno kwenye dimbwi tulivu hakikutikisi. Usipime mto kwa kina peke yake. Tena mahali pembamba panaponekana rahisi kuvuka ndipo penye kina na mbio. Mahali mto ulipotanuka, unapocheza juu ya changarawe, ndipo kivuko. Kabla ya kuvuka tazama chini ya mto pia. Kama hatua 30 mbele kuna maporomoko au mti ulioangukia majini, tafuta kwingine, hata kama hapa ni kifundo.

Msimu na saa

Masika, Machi hadi Mei, na vuli, Oktoba hadi Desemba, mito hujaa na kuchafuka. Januari na Februari maji hupungua na kuwa maangavu. Juni hadi Septemba huwa na ukungu na baridi lakini mito mingi huingilika. Kati ya vipindi hivyo viwili vya kiangazi, anayeanza nampa Januari na Februari bila kusita.

Asubuhi na alasiri nazo hazifanani. Mlimani mawingu hukusanyika baada ya adhuhuri, na mvua inayonyesha juu huko haikuombi ruhusa kukufikia. Wewe uko kwenye jua, ndege wanaimba, na mto unapanda. Nikifika majini huweka jiwe jeupe pale maji yanapoishia na kulitazama kila ninapobadilisha nzi. Maji yakilifunika, nimeshatoka. Dalili nyingine ni rangi kugeuka kama chai ya maziwa, majani na vijiti kuanza kuelea, na sauti ya mto kuwa nzito. Usingoje zitimie zote. Ukivuka ng'ambo asubuhi, kumbuka itabidi urudi. Kivuko cha saa tatu huenda kisiwepo saa tisa.

Radi pia ni ya alasiri. Ufito wa kuvulia wa nyuzi za kaboni hupitisha umeme, na wewe umesimama ndani ya maji ukiuinua juu. Ukisikia ngurumo ulaze chini uondoke. Ule wa nyuzi za kioo haupitishi umeme kama wa kaboni, lakini mtu aliyelowa akisimama mtoni wakati wa radi hana cha kujivunia.

Kivuko ulichokijua mwaka jana kikague upya. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalihamisha mawe makubwa kama magari, na palipokuwa na changarawe ya goti huenda pana shimo leo. Maji usiyoyafika hujui wingi wake. Nami naongeza kwamba hata uliyoyafika yanabadilika.

Ukianguka: kusimama au kulala

Mwili wote utakutuma usimame. Kwenye maji ya kasi yanayopita goti, usisimame. Mguu ukiingia kati ya mawe mawili huku mkondo unakusukuma mgongoni, unakulaza kifudifudi na hutainuka. Watu huzama kwenye maji ambayo wangesimama yakiishia kiunoni. Lala chali, miguu mbele kuelekea mto unakokwenda, vidole vya miguu juu ya maji, visigino vipokee mawe. Tumia mikono kujisogeza ukingoni kwa mshazari. Ukifika maji yaliyotulia, yenye kina cha mapaja kushuka chini, geuka ujikokote.

Ufito uachie. Najua bei yake. Uachie.

Baridi nayo ina hila yake: dakika ya kwanza inakufanya uhemee pumzi kwa nguvu bila kutaka, na ukihema kichwa kikiwa chini unavuta maji. Elea kwanza, tuliza pumzi, ndipo upambane. Hapa jaketi okozi lina kazi. La povu linafanya kazi daima, hata limechanika, ila linabana mikono na lina joto. Lile jembamba la kujazwa gesi halikuzuii kutupa mshipi, lakini linahitaji mtungi uliokaguliwa. Kwenye kijito cha hatua nne, sivai. Kwenye mto ambao siwezi kuutoka kwa hatua tano, navaa la povu. Kwa asiyejua kuogelea hakuna kupima: avae, au avulie nchi kavu.

Peke yako au na mwenzako

Wawili. Ndani ya msitu wa Mlima Kenya na Nyandarua kuna ndovu na nyati, na kelele ya mto hukuzuia kuwasikia nao hawakusikii wewe. Unapopata leseni na kulipa kiingilio cha hifadhi, omba askari wa wanyamapori akusindikize, au mwongozaji wa pale pale anayejua ni bonde gani lina nyati wiki hii. Hilo ni la thamani kuliko vifaa vyote nilivyovitaja. Mwambie mtu aliyebaki nyumbani uko mto gani na utatoka saa ngapi, kwa maana mtandao hushika kilimani na kupotea bondeni. Simu iwe kwenye mfuko uliofungwa usiingize maji, nguo kavu ziwe kwenye begi ukingoni, si mgongoni mwako mtoni.

Wawili huvuka vizuri kuliko mmoja: mzito asimame upande maji yanakotoka, mwepesi nyuma yake kwenye kivuli cha maji, washikane mabega, asonge mmoja mmoja.

Kama mfuko hauruhusu kununua vyote, mpangilio wangu ni huu: kwanza mwongozaji, kisha mwanzi, ambao ni bure, kisha raba za mitumba zenye kamba imara, kisha miwani ya jua inayokata mng'ao ili uone mawe ya chini. Jaketi linafuata, au linatangulia yote kama huogelei. Suruali ya kifuani ni ya mwisho, nayo uinunue ukishajua kwamba utarudi mtoni mara nyingi.

Gambuti zangu za Karatina bado ninazo. Nazivaa alfajiri nikienda kukamua ng'ombe, na kwa kazi hiyo sijaona kiatu bora.